Marafiki wa bweni wametawanyika mpaka Julai: tuwasaidieje wasipotezane?

#1 Mama wa Mlimani (mwanzisha uzi)

Habari za humu, ndugu zangu. Uzi huu nauleta kwa wazazi na walimu, lakini zaidi kwa nyie mliomaliza kidato cha nne Novemba hii, maana najua mpo humu mnasoma kimyakimya.

Binti yangu amerudi nyumbani Morogoro. Wenzake watatu aliolala nao chumba kimoja tangu kidato cha kwanza wameenda kila mmoja kwao: mmoja Muleba, mmoja Newala, mmoja Lushoto. Watoto hawa wamechangia ndoo, sabuni, kitana na adhabu miaka yote minne. Mtihani wa mwisho ulipoisha kila mmoja akapanda basi lake, na hakuna anayejua kama watakutana tena shule moja. Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, hutoka Januari, uchaguzi wa TAMISEMI, wanaowapangia watoto shule, huja miezi kadhaa baadaye, na kidato cha tano huanza Julai. Mtoto ambaye likizo zake zote zilikuwa za wiki chache, na tarehe ya kurudi anaijua, kwake huu ni muda wa kutisha.

Nisemalo ni moja, na ndilo ninaloomba tulijadili: urafiki wa kundi uendeshwe kwa uwezo wa yule mwenye simu duni kuliko wote. Mwenye simu nzuri ashuke. Tusimwambie mwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, apande, hana pa kupandia.

Nieleze nilichokiona. Wa Lushoto amepewa simu janja na mjomba wake. Binti yangu anatumia yangu jioni. Wa Muleba anaazima ya kaka yake. Wa Newala yupo kwa bibi yake, na bibi ana kitochi cha kupiga na kupokea. Kikafunguliwa kikundi cha WhatsApp siku ileile waliyofika. Picha, sauti, vicheko mpaka usiku. Wa Newala hakuwemo, na si kwa ubaya, simu yenyewe haina WhatsApp. Jumapili moja akapiga, akaniamkia vizuri, akaomba kuongea na mwenzake. Nikamsikia binti yangu kila sentensi ya tatu anasema, "Aa, ile hujui, ngoja nikueleze." Mtoto wa watu kaishi na hawa kama ndugu, leo anaelezwa mambo yao kama mgeni. Nikajua tusipofanya kitu huyu atapotea kabla ya Krismasi, na atapotea kwa upole, bila ugomvi, bila mtu wa kulaumiwa.

Msiniambie anunuliwe simu. Bibi anaokota korosho, hela ya mnada ina kazi zake. Na hata akipata simu, laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na kitambulisho hicho ni cha kuanzia miaka 18. Kwa hiyo hata laini ya mtoto ina jina la mkubwa fulani, na mkubwa akienda shamba nayo inaenda.

Tulichofanya kwetu ni hiki. Jumapili saa kumi jioni ni simu ya kawaida ya sauti. Binti yangu anampigia wa Newala kwanza, kisha anawaunganisha wengine wawili kwenye simu hiyohiyo. Dakika za kifurushi tunazimudu, na mtandao ukiyumba Lushoto sauti bado inapita. Kikundi hawakukifunga. Wamekubaliana tu kwamba jambo kubwa, la furaha au la msiba, halisemwi huko mpaka wa Newala awe ameambiwa.

Nyie mmefanyaje? Na Januari inakuja na matokeo, hilo linaninyima usingizi zaidi kuliko bando.

#2 Kijiweni Mapema

Naweka kigoda changu hapa. Mdogo wangu naye kamaliza.

#3 Mwana wa Kagera

Dada, hongera kwa kuliona hilo. Naomba niwasemee watoto walioko Muleba na Bukoba kwa jumla. Novemba na Desemba huku ni msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Wakianguka usiku nyumba nzima inatoka, taa zinawashwa, watu wanakamata mpaka alfajiri, halafu mchana kutwa ni kuchambua mbawa na miguu. Binti aliyetoka bweni ndiye anayetegemewa, kwa sababu wadogo zake hawana kasi na mama ana shughuli nyingine. Akinyamaza siku kadhaa kwenye kikundi wenzake wasiseme kabadilika. Yuko kazini.

La pili ni mizigo ya basi. Mimi na rafiki zangu tulilelewa na mizigo. Unafunga kikopo cha senene waliokaangwa wakakauka vizuri, unaandika juu ya boksi jina la mpokeaji na namba ya simu kwa kalamu nene, unalipa ofisini kwa basi, unampigia mwenzako kumwambia jina la basi na saa lilipoondoka. Ndani ya boksi tulikuwa tunatia barua. Barua ndefu, za kurasa za daftari. Jamaa yangu wa Singida alikuwa anarudisha asali. Simu unaongea ukakata, lakini kile kikopo kinakaa mezani wiki nzima, na kila mtu wa nyumba hiyo anajua kuna mtu Bukoba anamkumbuka mtoto wao. Hapo urafiki unakuwa wa nyumba mbili.

#4 Mwisho wa Reli

Mimi napingana na mada kidogo, kwa heshima. Urafiki wa shule mwingi unakufa na ni sawa ufe. Niliomaliza nao nakumbuka sura, majina sikumbuki yote. Maisha yalichuja, wakabaki wachache, na hao wachache hakuna mzazi aliyetupangia saa ya kuongea. Mkiwapangia kila kitu hamtajua nani alikuwa rafiki kweli na nani alikuwa jirani wa kitanda. Waacheni.

#5 Mwalimu wa Zamu

Nimefundisha kidato cha nne kwa muda mrefu, nizungumzie Januari.

Matokeo ya CSEE, yaani mtihani wa kidato cha nne, yakitoka yanawekwa mtandaoni kwa namba za watahiniwa. Majina hayapo, lakini waliokaa bweni moja wanajuana namba, wameziandika kwenye karatasi na madawati mwaka mzima. Kwa hiyo kabla mzazi hajajua, rafiki ameshajua. Ameona daraja, ameona pointi, ameona mpaka ile F ya hisabati. Daraja la kwanza ni pointi 7 mpaka 17, la pili 18 mpaka 21, la tatu 22 mpaka 25, la nne 26 mpaka 33, na 34 au 35 ni sifuri. Watoto waliokuwa sawa kwa kila kitu asubuhi, jioni wamepangwa ngazi.

Niliyoyaona yanajirudia kila mwaka. Aliyefaulu anaogopa kupiga simu asionekane anajisifu. Aliyefeli anazima simu kwa aibu. Wote wawili wanangoja, kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyenyamaza, na wiki mbili za ukimya wa namna hiyo zinatosha kuvunja kilichojengwa miaka minne. Hawajagombana hata neno moja.

Kwa hiyo, dada, waambie wakubaliane sasa, Desemba hii, kabla hawajajua nani atapata nini. Wapange kwamba jioni ya matokeo watapigiana bila kujali. Wapange pia sentensi ya kwanza, na isiwe "umepata ngapi?" kwa sababu jibu analo tayari. Aseme, "Nimeona. Nipo. Unataka tuongee hilo au tuongee jingine?" Nimewahi kuwafundisha wanafunzi wangu sentensi hiyohiyo darasani, wengine walicheka, lakini baadhi walirudi kunishukuru.

Na aliyefeli hajafika mwisho. Kuna kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kuna vyuo vya ufundi vya VETA. Walio na ufaulu wa kutosha lakini hawakupata kidato cha tano wana vyuo vya kati, vya afya, ualimu, kilimo. Rafiki aliyepata daraja la kwanza akimsaidia mwenzake kutafuta taarifa za chuo, kajaza pengo ambalo mara nyingi sisi walimu hatupo tena kulijaza.

#6 Mama wa Mlimani (mwanzisha uzi)

Mwalimu, Mungu akuweke. Hiyo sentensi nimeinakili.

Mkuu wa #4, nimekuelewa na sehemu fulani uko sahihi, siwezi kumchagulia mtoto rafiki. Lakini angalia anayechujwa ni nani. Kwenye kundi hili aliyekuwa anatoka ni mwenye kitochi. Hakutoka kwa sababu hampendi mtu au hapendwi. Maisha yakichuja kwa tabia, sawa. Yakichuja kwa bei ya simu, hapo mimi mzazi nina la kufanya, na nitalifanya.

#7 Mwisho wa Reli

Hilo sikulitazama hivyo. Nimekubali, mama.

#8 Yanga Damu wa Songea

Wanaume tuseme na sisi, maana mnaongelea barua na sauti kama vile wavulana hatuna marafiki.

Nilimaliza 2018. Tulikuwa watatu, mimi Songea, mwingine Kahama, wa tatu Moshi. Hatukuwa watu wa kupigiana kuulizana "unajisikiaje". Tulichokuwa nacho ni mpira. Jumapili ile ya tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars wakiicheza Uganda pale Dar, kila mtu alikuwa kwenye kibanda umiza cha kwao. Tukashinda 3-0, tukafuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Nilipigiwa simu nikasikia kelele tupu, hakuna aliyeongea neno la maana, nikapiga kelele na mimi, ikakatika kwa kuishiwa salio. Ile simu naikumbuka mpaka leo.

Juni tukaenda Misri tukafungwa mechi zote tatu, Senegal, Kenya, Algeria. Ile ya Kenya ya 3-2 iliniuma zaidi, tuliongoza mara mbili. Usiku wa mechi hiyo yule wa Kahama alipiga tukalaumu mabeki weee, halafu mwishoni kabisa, nikiwa nataka kukata, akasema baba yake amelazwa. Asingenipigia kuniambia hilo peke yake. Mpira ulimfungulia mlango.

Kwa hiyo wazazi wa wavulana, mkiona kijana anapiga simu kuongelea Simba na Yanga tu msimkatishe mkisema anapoteza vocha. Kuna jambo linakuja nyuma ya mpira.

#9 Shangazi wa Ngamiani

Wanangu, mnanikumbusha mbali. Sisi tulimaliza enzi Posta na Simu ni shirika moja, kabla ya 1994. Simu ilikuwa ofisini kwa wakubwa. Barua unaandika kwa S.L.P. ya ofisi ya baba wa mwenzio, au ya misheni, au ya chama cha ushirika, halafu unangoja mtu apite kuichukua.

Kulikuwa na kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam. Unanunua kadi, unajaza majina ya unaowasalimia na ujumbe wako, unatuma. Hujui itasomwa lini. Basi tukawa tunakaa karibu na redio kila kipindi cha salamu, na mwenzio naye popote alipo anafanya hivyohivyo. Siku nikasikia mtangazaji ananitaja, "na ujumbe wake anasema tuko pamoja", nilitoka nje nikawaita majirani. Nchi nzima ilijua nina rafiki Mpanda!

Binti wa Newala apigiwe simu, lakini mara mojamoja aandikiwe pia. Simu ya bibi wanaongea bibi akisikia, kuna ya kusemwa mbele ya bibi na kuna yasiyosemeka. Karatasi ni yake peke yake.

#10 Bint wa Malindi, Muscat

Assalaam alaykum. Huku kwetu Oman watoto hutawanyika hasa likizo ya kiangazi. Skuli zinafungwa, joto linapita nyuzi 40, na familia nyingi zenye asili ya Unguja na Pemba hurudi nyumbani Juni mpaka Agosti. Wengine hukimbilia Salalah kwenye mvua za khareef. Wanaobaki ni wale ambao wazee wao hawakupata ruhusa kazini au tiketi zimewashinda.

Binti yangu alikwenda Unguja na rafiki yake akabaki Muscat, ndani, kiyoyozi na kuta. Saa si tatizo, tunapishana saa moja tu. Tatizo lilikuwa picha. Huyu anarusha bahari ya Paje, madafu, harusi za binamu, Forodhani usiku. Yule anajibu kwa kimoyo kimoja, halafu hajibu tena. Nikamwambia mwanangu: kabla hujamtumia chako muulize chake. Kala nini leo, kaota nini, yule paka wa ngazini kazaa? Mwenye likizo tupu hana cha kurusha, lakini ana ya kusema akiulizwa. Wakawa kila usiku yule wa Muscat ndiye anaanza kusimulia, na huyu wa Unguja anafuata. Mas'ala yakatulia.

Naona ni lilelile la dada wa Morogoro, ila kwetu kilichozidi kilikuwa safari badala ya simu.

#11 Bipu Moja

Shikamooni wote. Mimi ndiye mwenye kitochi. Si huyo wa Newala, mimi niko wilaya nyingine, lakini hali ni moja. Hapa naandika kwa simu ya dada yangu aliyekuja na watoto wake kwa sikukuu.

Naomba niseme tunavyojisikia. Kupitwa na kichekesho hakuumi sana, kila mtu hupitwa. Kinachouma ni kuambiwa mwisho. Rafiki yangu alifiwa na babu yake, kikundi kizima kikajua usiku uleule, mimi nikajua baada ya arobaini. Nilipompa pole alikuwa ameshamaliza kulia, na mimi ndiyo naanza. Kwa hiyo ile sheria ya kwamba jambo kubwa tuambiwe kwanza, mama, nimeisoma nikatokwa machozi.

Kingine, msituonee huruma mpaka mkaacha kutusimulia mambo mazuri. Kama mmekwenda Beach Kidimbwi semeni. Nataka kujua ulivaa nini.

Sisi tuna bipu: unapiga, ikiita tu unakata. Moja maana yake nipo salama, nakukumbuka, usipige. Mbili, nipigie ukipata dakika. Tatu, nipigie sasa hivi. Haina gharama, na usiku kabla ya kulala nikibipu moja na ikarudi moja nalala vizuri.

#12 Mama wa Mlimani (mwanzisha uzi)

Mwanangu wa #11, marahaba. Nimemwita binti yangu nikamsomea maneno yako yote. Leo hii wameanza bipu.

#13 Mzee wa Laini

Tahadhari ndogo. Vijana wakianza kutumia simu za kaka, shangazi na jirani, namba zinakuwa nyingi, na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanapenda hapo. Ujumbe ukija kwa namba mpya unaodai ni rafiki kakwama stendi, hela isitumwe kabla ya kusikia sauti. Na wawe na swali lao la bwenini ambalo mtu wa nje hawezi kulijibu. Kitanda cha juu kulia alilala nani, matroni alipewa jina gani la utani. Binti zangu wanalo na limeshawasaidia.

#14 HGL Forever

Mimi niko mbele yenu kidogo, nimemaliza kidato cha sita na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, nimepita. Mnapanga mpaka Julai, na mimi nawaambia Julai ndiyo ugumu unaanza. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu. Kitochi na simu janja vyote vinabaki nyumbani, na kundi lililozoea simu linakatika wiki ya kwanza.

Uchaguzi ukitoka kila mmoja atapata fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule. Juu kabisa pana S.L.P. ya shule. Wote wanne mnakili anwani za wenzenu kabla hamjaripoti, kwenye daftari, maana simu mtaiacha. Sisi tulifanya hivyo. Nilikuwa nasoma Kusini, mwenzangu Mara, na barua zilifika. Polepole, lakini zilifika.

JKT ni hivyohivyo. Mimi nilipangiwa Tanga, yeye akapangiwa Kigoma, na kule simu hukai nayo. Kilichotuokoa ni kwamba tuliagana vizuri. Tuliambiana mapema kwamba miezi hiyo mitatu tutakuwa kimya, na kwamba ukimya huo si kuachana. Hakuna aliyekaa anawaza kakosa nini.

#15 Mama wa Mlimani (mwanzisha uzi)

Hilo la S.L.P. sikuliwaza kabisa, asante sana binti. Mwalimu, kama bado upo: barua zikifika shuleni zinafunguliwa?

#16 Mwalimu wa Zamu

Nipo. Shule ninayofundisha hatufungui, zipo zinazopitia barua kabla ya kumpa mwanafunzi, kwa hiyo waandike wakilijua hilo. Juu ya bahasha waweke jina kamili kama lilivyo kwenye fomu ya uchaguzi, kidato na tahasusi, yaani mchepuo wa masomo yake, halafu jina la shule na sanduku. Majina ya utani ya bwenini yasikae kwenye bahasha. Barua za "Mama Supu" tunazo ofisini tangu mwaka jana, mwenyewe hatumjui.